Hoteli ya Kona Ilivyopokea Mgeni

Niliiogopa nyumba ile tangu siku niliyoletwa, na hata nilipokuja kuipenda sikuacha kuiogopa. Shangazi alinitoa kijijini Isansa baada ya mimi kumaliza darasa la saba, tukashuka Tunduma na kikapu cha maparachichi, akaninyooshea kidole: "Ile ya kona. Hapo ndipo utakapofanya kazi." Nilitazama nikaona nyumba imekaa pale barabara ya Sumbawanga inapoachana na ile inayokwenda mpakani. Lori refu lilikuwa linakata kona, na ubavu wa trela ulipita karibu na baraza kama wembe unavyopita shavuni. Nikajisemea, siku moja lori litaingia ndani. Wazo hilo nilikaa nalo miaka yote niliyopika pale.

Nataka kueleza nyumba ilivyokuwa, ingawa sijui kama ninaweza. Mimi si fundi wala si msomi, na macho ya mpishi huona zaidi moshi kuliko dari. Lakini sasa haipo yote, na tuliobaki kuikumbuka tunapungua, kwa hiyo nitajaribu.

Kona yenyewe haikuwa na ncha. Waliojenga waliikata, wakauweka mlango mkubwa palepale kwenye mkato, hivyo ukisimama kizingitini uliziona barabara zote mbili bila kugeuza shingo. Kutoka hapo nyumba ilikwenda huku na huku kama mtu aliyefungua mikono. Ukuta ulikuwa wa matofali ya kuchoma, na kilichoyashika si saruji, ni tope, kisha nje chokaa. Kila mwaka mvua zikikatika tulipaka chokaa upya, wanawake wawili watatu na ndoo na mafagio ya majani, tunaimba na kurushiana matone. Ukuta ulikuwa mnene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala dirishani. Mwezi wa sita, upepo wa Tunduma unapokata masikio, ukiingia ndani hukuusikia.

Mbele yote lilizunguka baraza lenye sakafu nyekundu, na paa lake lilibebwa na nguzo za mninga. Juu ya kila nguzo fundi alikuwa amechonga kitu. Mimi niliona ni majani. Bibi aliona ni masikio ya ng'ombe. Wageni wetu, madereva wa malori, kila mmoja aliona lake, na wengine waliona vitu ambavyo siwezi kuviandika.

Bibi ndiye alikuwa mwenye nyumba. Alikuwa mjane wa Kinamwanga, mrefu, sauti nzito, na alivuta ugoro. Marehemu mumewe alifanya kazi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, akarudi na fedha, akainunua hoteli ikiwa tayari imezeeka. Nani aliijenga, sijui. Wengine walisema Mhindi, wengine Mgiriki aliyekuwa na kahawa kule Mbozi. Nilimuuliza Bibi akasema, "Aliyejenga hakuja kuniaga." Basi nami sitasema nisilolijua.

Nilipofika, ilikuwa ndiyo hoteli ya maana. Halafu soko likafunguliwa, bidhaa zikamiminika, malori yakawa hayahesabiki, na watu wa kubadilisha kwacha za Zambia wakajaa kila pembe. Zikaota gesti za ghorofa zenye vioo vya bluu, televisheni kila chumba. Madereva wazee waliendelea kuja kwetu. Vijana walipita wakicheka, "Hoteli ya mababu hiyo, ukilala unaamka na mvi." Mmoja wa waliocheka alikuwa kijana mkubwa wa Bibi, mtu mzima mwenye kitambi na duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa anampenda mama yake, nisimwonee. Lakini nyumba ile ilimtia aibu. Alikuwa akisema, "Mama, mimi nauza saruji mji mzima, halafu nyumbani kwetu ukuta wa tope. Watu wananielewaje?"

Na malori yalizidi. Yalipokata kona, chumba cha mbele kiliingia giza mchana, kwa sababu trela lilifunika dirisha, halafu mwanga ukarudi. Vikombe vilitetemeka kabatini. Mimi nilikuwa nikishika meza. Bibi alinicheka: "Unaishika ili isikimbie?" Lakini niliona na yeye akikaza vidole kwenye mkongojo.

Lazima niseme na hili, maana ni la haki. Kona ile ilikuwa mbaya. Nyumba ilijengwa wakati magari yakipita machache, ikasogea mbele, ikaziba macho. Aliyetoka upande wa Sumbawanga hakumwona anayekuja kutoka mpakani mpaka wamefikiana. Mama mmoja aliyeuza nyanya pale nje aligongwa mbele yangu, mchana kweupe. Alipona, ila mguu haukurudi kama zamani. Nilipokuwa nikiokota nyanya zake barabarani nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, "Hii nyumba itatumaliza." Sikuweza kumbishia. Mpaka leo siwezi.

Kwa hiyo siku walipokuja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu, sikushangaa. Niliogopa tu. Walichora X kubwa kwenye ukuta wa mkato, pembeni ya mlango. Rangi ikachuruzika. Mtendaji wa mtaa alikuwa pamoja nao, mtu mpole, akavua kofia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hicho mnachonichorea ni nini?"

"Ni alama tu Bibi. Barabara itapanuliwa. Usiwe na wasiwasi, alama siyo kaburi."

"Sawa. Basi nenda kachore na kwako, tusiwe na wasiwasi wote."

Watu walicheka, na mtendaji naye akacheka kidogo, kisha akaangalia chini. Walipoondoka Bibi hakuingia ndani. Alikaa barazani akiitazama ile rangi mpaka ilipokauka. Hakuwa na shamba la kurudia, la mumewe lilichukuliwa na shemeji zake zamani. Mume wake alizikwa kwao, lakini Bibi alizoea kusema kwamba mumewe amebaki humu. Nyumba ikienda, Bibi alikuwa anakwenda wapi? Kwa mwanawe, kwenye chumba cha nyuma ya stoo ya saruji. Alinong'ona, "Huko nitakufa kwa vumbi." Na mimi je? Sikuthubutu kuuliza.

Kuanzia hapo kila mlio ulikuwa katapila. Nikisikia injini inanguruma kwa muda mrefu mahali pamoja niliacha sufuria nikatoka nje kuchungulia. Utingo mmoja akanizoea, kila akishuka ananipigia kelele, "Dada, siyo leo!" Alitaka kunichekesha tu, lakini hakujua mwili wangu ulivyokuwa ukishtuka.

Halafu mtendaji akarudi na habari nyingine. Alikaa, akanywa chai, akasema kuna njia. Alisema serikali ina wataalamu wa majengo ya zamani. Nyumba ikionekana ina thamani ya historia, inaweza kuandikwa kwenye orodha ya majengo ya kutunzwa, na ikiandikwa barabara inaweza kupindishwa. Alikuwa amewapelekea ombi yeye mwenyewe, na picha moja aliyoipata kwa mtu. Kuna mtaalamu atakuja kuiona.

Bibi akauliza mara mbili, "Anakuja hapa? Kuiona hii?"

"Anakuja Bibi. Kutoka Dar."

Hapa ndipo palipoharibika, na sijui nimlaumu nani, maana kila mmoja alifanya alichofundishwa kwao. Kwetu mgeni akija unafagia uwanja. Unaficha sufuria nyeusi. Kama shuka limechanika unaazima la jirani. Mgeni wa kutoka Dar, mwenye kalamu ya kuiokoa nyumba yako, utampokea na ukuta uliobanduka chokaa? Tulisikia neno thamani, na kwetu thamani ilikuwa kitu kipya.

Kijana wa Bibi alikuja siku hiyohiyo na lori la mifuko. Kwa mara ya kwanza niliona wanakubaliana, mama na mwana. Mafundi wakabandua chokaa chote, wakapiga lipu ya saruji, laini kama karatasi. Madirisha ya mbao yakang'olewa, yakaingia ya alumini. Sakafu nyekundu ikafunikwa kwa vigae vyeupe vinavyoteleza. Juu ya mkato, pale palipokuwa na pambo la chokaa lenye umbo la jua linalochomoza, wakasawazisha. Fundi alisema lilikuwa linashika vumbi.

Halafu nguzo. Kwa haki, chini zilikuwa zimeliwa na mchwa, baadhi yake ukizigonga zinaitika kama debe. Zikatolewa, zikamiminwa za zege. Nilimwuliza Bibi kama nitunze hata moja yenye uchongaji mzuri. Aliigeuza kwa mguu. "Utaiweka wapi? Italeta mchwa kwenye vitanda." Nilifikiri pengine ni kweli. Mimi huwa nafikiri watu wengine wako sahihi, ndivyo nilivyo. Zikapasuliwa, zikapangwa nyuma ya jiko. Mninga uliokaa miaka yote hiyo chini ya paa ulikuwa mkavu sana.

Nyumba ilipokamilika tulisimama ng'ambo ya barabara tukaitazama. Ilikuwa nyeupe na mstari wa kijani chini. Kijana wa Bibi aliweka mikono kiunoni. "Sasa nani ataivunja hii?" Bibi alikuwa akitabasamu. Na mimi, sijui kwa nini, nilihisi baridi. Ilikuwa kama kumwona mtu wako amelazwa amevalishwa vizuri. Nilijikemea. Nani mimi hata nijue?

Mtaalamu alikuja asubuhi. Tulitegemea mzee wa suti, akashuka binti mwenye suruali, kamera shingoni, viatu vya vumbi. Alitusalimia vizuri, akampigia Bibi goti kabisa. Nilimwona anainua macho kwenye ukuta, anayashusha, anayainua tena. Alifungua mdomo kuuliza, Bibi akamwahi.

"Kwanza ule. Safari ndefu. Maneno hayakimbii."

Kwetu mgeni haulizwi shida yake wala haonyeshwi yako kabla hajanawa na kula. Nilikuwa nimepika wali wa nazi, ng'ombe, na maharage ya Mbozi, na moto ule ulikuwa mzuri kupita yote niliyowahi kuwasha, hauna moshi, una harufu tamu kidogo. Yule binti alikula akasifia. Kijana wa Bibi akamwongezea nyama. Mtendaji akapiga hadithi za mpakani, wote wakacheka, na mimi nilisimama mlangoni nikiomba kimoyomoyo chakula kisiishe.

Kiliisha. Akanawa, akatoa picha kwenye begi.

"Bibi, nilitumiwa hii. Ni nyumba hii kweli?"

Bibi aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu. "Ndiyo yenyewe. Ilikuwa imechakaa, tazama. Aibu tupu."

"Hizi nguzo za mbao ziko wapi?"

Kijana wa Bibi akajibu, "Nguzo si hizi hapa, madam? Za zege, zina nondo ndani. Zile zilikuwa zimekwisha."

"Najua. Lakini zile zenyewe, mmeziweka wapi? Hata kama zimeliwa."

Lori lilikata kona, chumba kikawa giza, kikawa mwanga. Bibi hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Zile," akasema, "ndizo zimepika wali uliokula, mwanangu."

Binti aliziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka. Kisha akaomba kuzunguka nyumba.

Alizunguka mpaka jua likapinda. Alikuwa anatafuta, hilo naliandika wazi, hakuja kutunyima. Alipanda ngazi akatazama mbao za paa, akapiga picha. Alipapasa mlango mkubwa chini ya rangi mpya. Alimwomba fundi aibandue lipu kidogo kwa tindo, aone chini. Lipu ilitoka na vipande vya tofali, na tope nyuma yake lilikuwa bichi, limelowa. Akasema ukuta wa namna ile unahitaji kupumua, chokaa kiliuruhusu, saruji imeufunga pumzi. Bibi akatazama lile tundu kama mtu anayeonyeshwa kidonda mgongoni kwake.

"Kwa hiyo hutaiandika?"

"Nitaandika nilichokiona, Bibi. Siwezi kuiandika nyumba ya kwenye picha."

"Hii si ni nzuri zaidi?"

"Ni nzuri. Ila ni mpya."

Kijana wa Bibi alipandisha sauti. "Yaani tungeacha uchafu ndio mngetusaidia? Serikali gani hiyo inayotaka nyumba mbovu?"

Mtendaji akamshika mkono. "Kaka, taratibu. Kosa langu, sikuwaeleza."

"Ungetuelezaje?" Bibi alisema, na sauti yake nzito ilikuwa imepungua. "Ungeniambia mgeni anakuja kutazama vitambaa vilivyochanika, ningekuamini? Ningesema umelewa."

Yule binti alipoondoka alimkumbatia Bibi kwa muda mrefu. Sikusikia walichoambiana.

Kipindi kilichofuata ndicho kibaya kuliko vyote. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kitu ambacho huenda kisije. Sasa niliogopa kitu kinachokuja. Mvua zilianza, na ukuta wa mkato ukavimba. Lipu ilitoa ufa mwembamba kama unywele, halafu ukawa kama uzi, halafu niliweza kuingiza ukucha. Nilikuwa nafagia nikikwepa upande ule. Wageni walipungua. Bibi aliacha kukaa barazani, maana vigae viliteleza, na aliwahi kuanguka akaumia nyonga. Alinituma nimpigie simu mwanawe, na mwanawe alikuja kila mara, alikaa naye, alimnunulia dawa. Hawakulitaja jambo lile. Mara moja tu nilimsikia akisema akiwa ameinamisha kichwa, "Mama, nilitaka kuiokoa." Bibi akamjibu, "Najua. Hata mimi."

Uamuzi ulikuja ukiwa nusu. Hawakuichukua yote. Walichukua mkato na vyumba vya mbele, upande wa nyuma ukabaki, na kifuta jasho kikatolewa. Mtendaji alisema tushukuru. Pengine kweli. Sijui kama nguzo zingekuwepo barabara ingepindishwa. Nimeliwaza mara nyingi. Huenda tungezitunza zote na bado wangevunja, maana mama wa nyanya naye ana mguu wake. Siwezi kusema kwa uhakika, na anayesema kwa uhakika simwamini.

Siku ya katapila nilimpeleka Bibi nyuma, nikafunga mlango, tukakaa kitandani. Hatukuona kitu. Tulisikia tu. Saruji mpya ilipasuka kwa kelele, kama sahani, na kila ilipopasuka Bibi alinibana mkono. Baada ya hapo ukaja mlio mwingine, mzito na wa polepole, kama gunia linaloangushwa. Bibi akasema, "Hilo ndilo tope letu." Alikuwa ametulia kuliko mimi.

Barabara ilipanuliwa, ikawekwa lami. Ni barabara nzuri. Ukisimama nje unaona magari yanayokuja kutoka pande zote, kutoka mbali, na tangu wakati ule sijaona mtu akigongwa hapo. Ila malori sasa hayapunguzi mwendo. Zamani kona iliyalazimisha. Sasa yanapita yanavuma, na mahali palipokuwa na vyumba ni lami tupu yenye mstari mweupe. Tuliendelea kupika kwenye kipande kilichobaki, tukatoboa mlango ubavuni.

Halafu akaja dereva mmoja wa Zambia, mteja wetu wa zamani, aliyekuwa amepotea muda mrefu kwenye njia za Kongo. Aliegesha mbele kule, akaja kwa miguu na mfuko wake begani, akitembea kama mtu anayekwenda kwao. Alifika mahali fulani akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango ule wa ubavuni, mimi namenya viazi.

"Mulishani, mayo!" akaita, akimwamkia Bibi kwa Kibemba. "Hoteli iko wapi?"

Bibi aliinua mkongojo akamwelekezea miguuni kwake.

"Umesimama ndani yake, baba," akasema. "Toka hapo, utagongwa."

Alicheka, akidhani ni mzaha. Niliangusha kisu nikakimbia, nikamshika mkono wa shati nikamvuta, na lori likapita pale alipokuwa amesimama.